Mbio za dhahabu za California

Mbio za dhahabu za California zilikuwa uhamiaji mkubwa wa watu kuelekea magharibi mwa Marekani kati ya miaka 1848 na 1855. Zilianza baada ya James W. Marshall kuona chembe za dhahabu huko Coloma tarehe 24 Januari 1848.

Watu 300,000 hivi walifika California, wengine kwa magari ya kukokotwa na maksai, wengine kwa meli. Wachimbaji walizungusha mchanga wa mtoni ndani ya karai lenye maji: mchanga ulitoka na maji, dhahabu iliyo nzito ikabaki chini. Wachache tu walitajirika.

Wakazi asilia walinyang'anywa ardhi. Idadi yao, iliyokadiriwa kuwa 150,000 mwaka 1848, ilishuka hadi 30,000 hivi mwaka 1870 kutokana na maradhi, njaa na mauaji.

Katika shule za California historia hii hufundishwa darasa la 4. Mara nyingi watoto hujaribu wenyewe kuchekecha dhahabu kwa karai. Zoezi hilo huonyesha jinsi dhahabu ilivyopatikana, lakini halielezi ardhi ile ilikuwa ya nani. Hilo linahitaji somo lake.