Kiwanja chembamba? Anza na choo, sebule baadaye

Kasulu. Familia nyingi zikipata kiwanja, mazungumzo ya kwanza huwa ni sebule. Iwe kubwa kiasi gani, makochi yatakaaje, mgeni akiingia aone nini. Choo hutengewa kona itakayobaki, na jiko huwekwa popote penye nafasi.

Kwenye kiwanja kikubwa kosa hilo linaweza kurekebishika. Kwenye kiwanja chembamba halirekebishiki, na wanaolilipia kwanza ni watoto.

Katika kata ya Makere wilayani Kasulu, kwenye barabara iendayo Kibondo, viwanja vya sokoni na kandokando ya barabara hukatwa vyembamba kwa sababu kila mtu anautaka uso wa barabara. Baba akigawia vijana wake wawili, vinazidi kubana. Tuchukue mfano wa kiwanja chenye upana wa mita 10 na urefu wa mita 25, kwa familia ya wazazi na watoto wanne.

Kwanza, ujue pako panaanzia wapi

Kabla ya kununua hata tripu moja ya tofali, pima kutoka barabarani. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Ukijenga ndani ya eneo hilo, siku moja utakuta alama ya X ukutani.

Kisha nenda ofisi ya kijiji, na baadaye halmashauri. Katika maeneo ya mipangomiji huruhusiwi kuanza bila kibali cha ujenzi, na ramani yako hupita pia mikononi mwa afisa afya. Wengi humwona kama kikwazo. Ukweli ni kwamba huyo ndiye anayekuuliza maswali ambayo fundi hakuulizi: hewa itapita wapi, na maji machafu yataenda wapi.

Uliza ni mita ngapi unatakiwa kuacha mbele, nyuma na pembeni. Katika mfano wetu tuseme unaacha mita moja na nusu kila upande na mita 3 mbele. Unabaki na upana wa mita 7 wa kujenga. Usione nafasi hiyo ya pembeni kuwa imepotea. Ukijenga hadi mpakani na jirani naye akajenga hadi mpakani, dirisha la chumba cha mtoto litafunguka kwenye ukuta wake.

Choo na kisima havikai pamoja

Hapa ndipo pagumu. Kipimo kinachotumika sana ni choo cha shimo kukaa angalau mita 30 kutoka kwenye kisima. Kiwanja chetu chote kina urefu wa mita 25. Maana yake, kwenye kiwanja hiki huwezi kuwa na choo cha shimo na kisima cha kunywa kwa usalama. Hata ukiacha choo chako kando, cha jirani kiko ndani ya mita hizo 30. Na kwa vile Makere ni nchi ya miinuko, aliye juu anaweza kumchafulia aliye chini.

Kwa hiyo weka choo na usahau kisima. Tumia bomba au kisima cha jumuiya, kisha vuna mvua. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 80, mvua ikinyesha milimita 20, hupokea lita 1,600, ingawa nyingine hupotea njiani. Acha mahali pa tangi tangu kwenye ramani, na maji ya kunywa yachemshwe.

Fikiria pia siku shimo litakapojaa. Tenga nafasi ya mashimo mawili ya kupokezana: moja likijaa lifungwe, likae angalau miaka miwili kabla ya kufukuliwa.

Vyumba na hewa

Kwenye upana wa mita 7, korido ndefu ya katikati inakula nafasi na kuzuia hewa. Mpango mmoja unaofaa ni sebule mbele kwa upana wote, chumba cha wazazi na stoo katikati, kisha vyumba viwili vya watoto nyuma, kila kimoja kwenye kona yake. Chumba cha kona kina kuta mbili za nje, hivyo kinaweza kupata madirisha mawili na hewa ikapita. Hilo hupunguza hatari ya kuambukizana kifua kikuu na magonjwa mengine ya njia ya hewa.

Jiko la kuni liwe jengo lake, kona ya nyuma iliyo mbali na madirisha ya watoto. Angalia kwanza upepo unaelekea wapi. Na usiku wa baridi, usiingize jiko la mkaa chumbani ukafunga madirisha. Kaboni monoksaidi haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Kuna na mbu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa mkoani Kigoma karibu mtoto mmoja kati ya wanne wenye umri chini ya miaka mitano alikuwa na malaria. Mbu wengi huingia kupitia uwazi kati ya ukuta na bati. Uzibe kwa wavu, na weka wavu madirishani. Chandarua kibaki palepale kitandani.

Mkoani Mtwara, watafiti walijenga nyumba 110 za ghorofa moja ili kupima kama nyumba yenyewe inaweza kupunguza malaria, kuhara na magonjwa ya kifua kwa watoto. Vyumba vya kulala viko juu, madirisha yana wavu, na maji ya mvua hukusanywa. Si kila familia itamudu ghorofa. Lakini wavu, hewa, na choo kilichopangwa vizuri vinawezekana hata kwenye nyumba ya tofali za kuchoma.

Kabla ya kuchimba msingi

Chukua vijiti na kamba, mwende kiwanjani baba, mama na fundi. Chora chini choo, tangi, jiko, kisha vyumba vya watoto. Mwite na jirani, aonyeshe choo chake kiko wapi na chenu kitakuwa wapi. Kitakachobaki mbele ndicho sebule. Ikiwa ndogo, wageni watakaa barazani, na hakuna atakayeugua kwa sababu hiyo.