Mwizi wa Umeme Katika Motokaa

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Mimi niliyajua hayo asubuhi moja ya Jumatatu kwetu Njoro, pikapu yangu ilipokataa kuwaka. Nyuma yake yalikuwa maziwa ya jirani zangu, nao walikuwa wakinitegemea niyafikishe Nakuru mapema. Yalipofika yalikuwa yamechacha, yakakataliwa, nikalipa hasara hiyo. Nikanunua betri mpya. Wiki mbili baadaye, baada ya gari kulala tangu Jumamosi jioni, mambo yakawa yale yale.

Ndugu msomaji, usikimbilie kununua betri. Kwanza tafuta kama kuna kitu kinachokula umeme gari likiwa limelala. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Molo ni juu zaidi. Baridi ya alfajiri hupunguza nguvu za betri na kuifanya oili kuwa nzito, hata upungufu mdogo huonekana.

Kazi yenyewe ni hii. Chaji betri ijae. Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango. Fungua waya wa upande hasi wa betri. Chukua mita ya umeme, uiweke kwenye ampea 10, kisha ushikize ncha yake moja kwenye betri na ya pili kwenye waya ulioufungua, ili umeme wote upite katika mita. Angalia sana: usijaribu kuwasha injini wala taa kubwa wakati huo, maana mita itaungua. Wala usivute sigara karibu na betri, kwa kuwa hewa itokayo humo yaweza kulipuka.

Magari ya siku hizi yana kompyuta ambazo hazilali upesi. Basi ngoja nusu saa au zaidi. Gari zima kwa kawaida halizidi ampea 0.05. Langu lilionyesha 0.8. Piga hesabu: tangu Jumamosi jioni hata Jumatatu alfajiri ni saa 36, nazo mara 0.8 ni karibu 29. Betri yangu ni ya ampea-saa 60. Karibu nusu ilikuwa imeibwa nami nimelala!

Kisha chomoa fyuzi moja moja, ukitazama mita na kuirudisha kila moja mahali pake. Nilipochomoa fyuzi ya redio, mita ilishuka hata 0.03. Mwizi alikuwa mashine ya kukuza sauti niliyofungiwa kando ya barabara. Waya wake uliungwa penye umeme wa daima, badala ya penye umeme unaokatwa na ufunguo. Kuurekebisha kulichukua robo saa.

Kama fyuzi zote hazibadilishi kitu, mshuku altaneta, maana waya wake mnene mara nyingi haupiti katika fyuzi hizo ndogo. Diodi zake zikiharibika, umeme hurudi nyuma. Hapo mwite fundi.

Niliwaomba jirani zangu radhi, na sasa maziwa yao hufika mapema. Lakini fedha za betri ile hazikurudi. Pima kwanza, ndugu, ndipo ununue.