Valvu za redio za kale: Zipime kabla ya kuzitupa

REDIO kubwa za mbao, ambazo zamani zilikuwa fahari ya sebule, zingali zimehifadhiwa katika baadhi ya nyumba ingawa nyingi zimekuwa bubu. Aghalabu mwenyewe huelezwa na fundi kwamba valvu zimekufa, na kwamba chombo hicho hakifai tena ila kuuzwa kwa bei ya kutupa. Hukumu hiyo mara nyingi hutolewa bila ushahidi, kwani valvu inaweza kuwa nzima ilhali kasoro iko kwingine.

Valvu ni chupa ya kioo iliyofyonzwa hewa. Ndani yake mna uzi unaoipasha moto kathodi, nayo kathodi hutoa elektroni ambazo huvutwa na anodi. Katikati huwa na gridi inayodhibiti wingi wa elektroni hizo, mithili ya lango la mfereji linavyodhibiti maji. Mwingereza John Ambrose Fleming alibuni valvu ya kwanza mnamo 1904, naye Mmarekani Lee de Forest akaiongezea gridi miaka michache baadaye. Transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, ndiyo iliyokuja kuzing'oa valvu katika redio za nyumbani.

Upimaji huanza kwa macho. Kwenye kioo mna doa linalong'aa kama fedha. Hiyo ni bariamu, ambayo kazi yake ni kumeza mabaki ya hewa. Doa likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu hiyo haina dawa.

Hatua ya pili ni kupima uzi. Chukua mfano wa EL84, valvu ya kuendesha spika iliyotumiwa sana katika redio za Ulaya. Herufi E huonyesha kwamba uzi wake hutumia volti 6.3. Zima redio, ichomoe valvu, kisha upime kwa mita kati ya pini ya 4 na ya 5. Ikiwa mita itaonyesha omu chache tu, uzi ni mzima. Isipoonyesha chochote, uzi umekatika.

Hata hivyo, uzi mzima si thibitisho kwamba valvu ina nguvu, kwa sababu kathodi huchakaa kadiri ya matumizi. Hapa sharti upime redio ikiwa imewashwa. Kwa kawaida, EL84 inayopata volti 250 hupitisha jumla ya miliampea 53.5 katika rezista ya kathodi ya omu 135. Ukizidisha, utapata takriban volti 7. Ukikuta volti 3 pekee, ilhali rezista na umeme wa anodi ni sawa, basi valvu imechoka.

Na ukikuta volti 12? Usidhani kwamba valvu ina nguvu za ziada. Pima gridi, ambayo inapaswa kuwa karibu na sufuri. Ikiwa ina volti chanya, mshukiwa mkuu ni kapasita kuukuu ya karatasi inayovujisha umeme kutoka kwa valvu iliyotangulia. Hapa ndipo fedha za wengi hupotelea: valvu mpya hununuliwa, huwekwa mahali pale pale, nayo huharibika kama ya kwanza. Kapasita, ambayo ni ya bei nafuu, ndiyo ya kubadilishwa kwanza.

Zipo mashine maalumu za kupimia valvu, kama vile AVO za Uingereza na Hickok za Marekani, lakini ni adimu. Asiye nayo anaweza kulinganisha kwa kuweka valvu nyingine ya aina ile ile anayojua ni nzima.

Fauka ya hayo, usalama usipuuzwe. Volti 250 zinaweza kuua, na kapasita kubwa huweza kuhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Sharti zimalizwe umeme kupitia rezista na kuhakikishwa kwa mita. Baadhi ya redio zenye valvu za herufi U hazina transfoma, hivyo bati lake la ndani linaweza kuwa na umeme wa ukutani. Asiye na ujuzi aishie kwenye hatua mbili za mwanzo, na hizo zingine amwachie fundi.

Wahenga walinena kuwa ya kale ni dhahabu. Nayo dhahabu hupimwa kabla ya kuuzwa.