Windows 10 imeachwa: Jinsi kompyuta kuukuu inavyoweza kubeba mifumo miwili

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo, na kwa sababu hiyo mwenye duka la kuchapisha karatasi karibu na mpaka wa Petite Barrière, mjini Gisenyi, anaweza asitambue kuwa kuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni hiki: dosari mpya ikigunduliwa, haizibwi tena, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza ambao kwa kompyuta za watu binafsi ulitangazwa kuwa wa mwaka mmoja tu.

Kuhamia Windows 11 si rahisi kwa kila mtu. Mfumo huo unadai RAM ya GB 4, diski ya GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 hukataliwa, hata zikiwa nzima kabisa.

Njia iliyobaki ni kuuacha mfumo wa zamani mahali pake na kuweka mpya kando yake. Diski hugawanywa sehemu mbili, kila mfumo ukakaa upande wake, na mtumiaji akachagua mmoja kila anapowasha mashine. Mfumo mpya unaofaa zaidi kwa mashine kuukuu ni wa jamii ya Linux, kwa mfano Linux Mint, ambao haulipiwi. Mint imejengwa juu ya Ubuntu, jina ambalo msemaji wa Kinyarwanda hahitaji kutafsiriwa: kwake, kitu cha «ku buntu» ni cha bure. Wala Linux si mgeni nchini, kwani kompyuta ndogo za mradi wa One Laptop per Child, zilizoanza kuingia katika shule za Rwanda mwaka 2008, zilitumia mfumo wa jamii hiyo hiyo.

Kwa nini basi Windows isifutwe moja kwa moja? Kwa sababu ya kazi. Mfanyabiashara ambaye programu yake ya EBM ya kutoa ankara za kodi imewekwa ndani ya Windows hawezi kuamka asubuhi akaiona haipo. Hali ni hiyo kwa programu ya hesabu au printa isiyoelewana na Linux. Kwa maoni yetu, mgawanyo bora ni kuiachia Windows kazi hizo peke yake, na barua pepe, benki, Irembo na kuperuzi intaneti vihamie upande mpya.

Hatari kubwa iko kwenye kugawa diski. Kosa moja hapo hufuta kila kitu, kwa hiyo faili zote zinakiliwe kwanza kwenye diski ya nje. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, ufunguo wake uandikwe pembeni. Betri ijae, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, faili zinaweza kupotea. Kisha ndani ya Windows izimwe huduma ya kuwaka kwa haraka, na nafasi ipunguzwe kwa kutumia chombo cha Windows chenyewe. Mint huhitaji angalau GB 20, ingawa GB 100 ndizo zinazopendekezwa.

Kabla ya kusakinisha, ijaribiwe kwanza kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski. Ni hapo utakapojua kama Wi-Fi na sauti vinafanya kazi. Ukiridhika, chagua kusakinisha kando ya Windows, si kufuta diski.

Liko jambo dogo linalowasumbua wengi baadaye, nalo ni saa. Linux kwa kawaida huhifadhi saa ya dunia ndani ya mashine, ilhali Windows huichukulia kuwa saa ya hapa. Rwanda iko mbele kwa saa 2, basi ukirudi Windows, mauzo ya saa 11 jioni yanaweza kuandikwa ya saa 9 alasiri. Kwa anayetoa ankara, hilo si la kupuuza. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1, ikiandikwa upande wa Linux, huondoa tatizo hilo.

Mifumo miwili haiongezi kasi ya mashine. Kinachoiongeza ni RAM zaidi na diski ya SSD. Mwenye RAM ya GB 2 achague toleo la Mint lenye Xfce, ambalo ni jepesi zaidi. Na kama diski inatoa mlio wa kugongagonga, usiigawe: okoa faili zako, kisha tafuta diski nyingine.