Judi Dench: Macho yalipogoma, masikio yakashika kazi

Wapenzi wa filamu za James Bond wanamjua Judi Dench kama M, yule bosi mkali aliyeanza kumpa Bond amri mwaka 1995. Kwao Uingereza, mama huyu aliyezaliwa York mwaka 1934 ni mtu wa jukwaani kwanza, filamu baadaye.

Alianza mwaka 1957 akiwa Ophelia katika Hamlet, chini ya kampuni ya Old Vic. Mwaka 1963 alizunguka Afrika Magharibi na kundi la Nottingham Playhouse. Mwaka 1976 akawa Lady Macbeth, akiigiza na Ian McKellen. Mwaka 1981 kano ya kisigino ilichanika akiwa mazoezini kwa ajili ya Cats, nafasi yake ikachukuliwa na Elaine Paige. Alipona, akarudi kazini.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuwa wa macho. Mwaka 2012 alieleza hadharani kuwa ana tatizo la kudhoofika kwa makula, ugonjwa ambao mama yake pia aliugua. Makula ni sehemu ndogo ya katikati ya retina, utando ulio nyuma ya jicho. Ndiyo inayotuwezesha kusoma, kushona na kutambua sura za watu. Ikichoka, katikati panakuwa na ukungu au doa jeusi, lakini pembeni mtu anaendelea kuona.

Hapo ndipo familia nyingi hukoseana. Bibi anamwona kuku anayepita pembeni ya mlango, ila mjukuu akisimama mbele yake anauliza, "Wewe nani?" Watu wanasema anajifanya. Hajifanyi, mzazi mwenzangu. Ndivyo ugonjwa ulivyo.

Dench aliposhindwa kusoma, marafiki walimsomea maneno ya tamthilia kwa sauti, tena na tena, mpaka yakamkaa kichwani. Kwa njia hiyo alipanda jukwaani mwaka 2015 katika ukumbi wa Garrick, London, akicheza Paulina katika The Winter's Tale pamoja na Kenneth Branagh. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 81, nafasi hiyo ilimpa tuzo ya Olivier. Ilikuwa ya nane kwake, ukihesabu na ile ya heshima.

Kwa mzazi wako aliyevuka miaka 50, dalili ya kuangalia ni mistari iliyonyooka, kama fremu ya mlango, kuonekana imepinda. Wengi hudhani ni mtoto wa jicho na kusubiri. Usisubiri. Kuna aina kavu, inayokwenda polepole, na aina majimaji, ambapo mishipa midogo huvuja na uoni unaweza kupotea ndani ya wiki chache. Hii ya pili ina sindano za jicho zinazoweza kuizuia isiendelee, mgonjwa akiwahi kwa daktari bingwa wa macho. Sigara huongeza hatari, na ikiwa kuna aliyeugua katika ukoo, mwambie daktari.

Nyumbani, mwenye tatizo hili asaidiwe kwa mwanga wa kutosha na maandishi makubwa. Unapoingia, taja jina lako kabla ya salamu. Watoto wanaojua kusoma wamsomee gazeti.

Dench mwenyewe alitoa kitabu kuhusu Shakespeare mwaka 2023. Kilitokana na mazungumzo yake na mwigizaji mwenzake, Brendan O'Hea: yeye akisimulia, mwenzake akiandika.