Muda si nguvu: tahadhari kwa wapimao ubongo

Hebu tujiulize. Msomaji amelazwa ndani ya mashine ya MRI, anaonyeshwa maneno. Neno "maji" analitambua kwa nusu sekunde. "Ushoroba" kwa sekunde moja na nusu. Je, ubongo umetumia nguvu zaidi, au muda zaidi tu?

Hapo ndipo penye utata. Mashine haipimi fikra zenyewe bali mabadiliko ya oksijeni katika damu, mbinu iliyotokana na kazi ya Seiji Ogawa mwaka 1990. Damu nayo haina haraka: mwitikio wake hufikia kilele baada ya sekunde 5 hivi. Kwa hivyo, shughuli mbili fupi hutoa mawimbi ya umbo karibu sawa, ila iliyodumu zaidi hutoa wimbi la juu zaidi. Mtafiti akiyapa matukio yote muda mmoja, ataita muda nguvu.

Dawa ni kuliingiza kila tukio katika hesabu kwa muda wake halisi, tangu neno lionekane hadi msomaji ajibu. La sivyo, tutatangaza kwamba Kiswahili kinamlemea mtoto aliyezoea Kidholuo, kumbe anakisoma polepole tu!