Mama Amekataa Picha

Mfungo sita uliopita tulikuwa Lamu kwa Maulidi ya Riyadha, pamoja na kijana wetu mmoja wa madrasa. Ufukoni, karibu na gati, tulimkuta mama mtu mzima akikaanga viazi karai. Kijana akatoa simu, akampiga picha. Mama akainua mkono: "Mwanangu, mimi sitaki." Kijana akajibu upesi, "Hapa ni njiani, bibi, si nyumbani kwako."

Tukiri, wasomaji wetu, kwamba nasi tulikaribia kumuunga mkono, maana picha ile tuliitaka kwa ukurasa huu. Kisha tukaikumbuka Suratun Nur, aya ya 27 na ya 28: abishaye hodi hungoja idhini, na akiambiwa arudi, hurudi. Aya yenyewe yazungumzia nyumba. Lakini sisi twaona kwamba uso wa mtu nao una mlango wake, hata akiwa sokoni.

Wanaosema njia ni ya wote hawajakosea kabisa. Si kila picha ya njiani ni kosa. Hata hivyo, Katiba ya 2010, kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya faragha, na ipo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja hapa nchini shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Wazazi mnaorusha picha za khitma za madrasa, na hilo mlitazame.

Tulimwagiza kijana achutame, kwani kumsimamia mtu aliyeketi ni kama kumtisha, aombe radhi bila kujitetea, kisha aifute picha mbele ya macho ya mama. Akafanya hivyo. Mjukuu wa mama, binti mdogo tu, akasema, "Na kule kwenye taka pia." Kumbe picha iliyofutwa huendelea kukaa simuni siku kadhaa! Hilo hatukulijua.

Ndipo kijana akainamisha kichwa: alikwisha kuituma kwa wenzake. Akaanza kuwaandikia mmoja mmoja waifute.

"Wameiona wangapi?" mama akauliza.

Hatukuwa na jibu. Alitufungia viazi vyetu, akapokea pesa yake, akageukia karai. Ukurasa huu umetoka bila picha.